Ukungu wa Daftari la Saba

Yakobi, Njombe
Mchana, kabla ya safari yako

Mwanangu Damari,

Barua hii utaikuta ndani ya daftari la saba, pale ulipobandika kipande cha karatasi nyekundu. Najua utalifungua hilo kabla ya mengine, ndani ya basi, maana Bibi Kwa Nini, mgeni unayemwandikia na kumtafsiria, alilipenda, na wewe mwenyewe ulilipenda mpaka ukamsomea shangazi yako. Sikuiweka kwenye sanduku pamoja na nguo, kwa sababu ungekuja kuikuta Dar es Salaam kwa Bibi wakati umeshalipiga taipu lile jambo lote. Nataka uikute kabla.

Mvua inanyesha. Wewe uko Mdandu kwa shangazi yako kuaga, na lori la kukurudisha halifiki kabla ya jioni, kwa hiyo nina mchana mzima, wino wa kuazima kwa mwalimu, na kalamu yako ya zamani inayovuja. Madoa uyavumilie. Wala usishangae kwamba namwandikia barua mtu ninayelala naye nyumba moja. Unanijua. Nikikaa mbele yako na jambo zito nitaanza mzaha, wewe utacheka, nami nitajiona nimeponea. Kwenye karatasi hakuna wa kunichekea.

Mambo ya nguo, chakula na watu wa mjini sitakuandikia. Umekaa bweni miaka mingi, na wiki hii nzima mama zako wadogo wamekuhubiria mpaka nikayaonea huruma masikio yako. Sweta tu nimekuwekea juu ya mizigo. Pwani hutalitaka, lakini upepo wa Makambako unaujua.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya Mama Ukungu. Ile uliyoiandika siyo. Mimi ndiye niliyekupa, na nilikupa ikiwa mbichi.

Unakumbuka siku Bibi alipofika. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alimpa barua ya kwenda kwa jumbe, na jumbe naye, ili apumzike, akamleta moja kwa moja kwenye banda letu la kukaushia pareto. Habari zilikuwa zimeshatangulia kwamba amekuja daktari. Hata kigoda hajakikalia vizuri, mzee wa kanisa akaingia na shavu limevimba, akafumbua kinywa kumwonyesha jino. Wewe ukaona haya kwa niaba yetu wote. Ukamweleza mzee kwamba huyu bado hajawa daktari, ndiyo kwanza anausomea, na udaktari wenyewe ni wa vitabu. Anataka kujua watu wanaoongoza wenzao kwenye biashara wanaongozaje, na wao wenyewe wanaita nini haki na nini dhuluma.

Mzee akakuuliza, "Na huo udaktari anapewa na nani?"

"Na walimu wake huko Ulaya, wakishasoma atakachoandika."

"Na cha kuandika anakitoa wapi?"

"Kwenu, baba."

Akafunga kinywa, akafikiri kidogo. "Kumbe sisi ndio tunaomfanya daktari. Na jino langu linabaki pale pale."

Tulicheka, naye Bibi akauliza kwa nini tunacheka, na jina lake likaanzia hapo. Lakini neno la mzee lilinikaa. Nikiwa napindua maua kwenye kichanja nilikuwa naliwaza. Kama sisi ndio tunaomfanya, basi tukimpa uongo atakuwa daktari wa uongo wetu, na walimu wake hawatajua, maana hawajawahi kufika Yakobi. Niliwaza hivyo, na bado siku aliponiuliza nikampa uongo. Utaona.

Alitaka kujua kwa nini wanawake wote wale, wengine wakubwa kwangu, walinichagua mimi kuwa mkubwa wa banda. Ukamjibu kwamba ni kwa ajili ya mkono wangu, na hilo ni kweli. Marehemu baba yako ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, lakini mkono wa pareto sikufundishwa na mtu. Nachota konzi ya maua kwenye kapu, naibana karibu na sikio. Yakiwa yamekauka sawasawa, ule moyo wake wa njano unavunjika na unausikia. Yakiwa na maji ndani, hata kama juu yanaonekana makavu, yananyamaza. Mwenye kapu anasimama, anangoja, anauliza, "Yamesema?" Nikijibu, "Yamesema," yanamwagwa kwenye gunia la wote. Nikijibu, "Bado," yanarudi kichanjani, na sijawahi kuona mtu akibisha.

Gunia la wote, Damari. Kila kitu kiko hapo. Maua ya mmoja yakiingia na maji, yanatia joto yale ya wenzake, na baada ya siku chache gunia zima linaota ukungu.

Hadithi niliyompa Bibi nawe ukaiandika kwenye ukurasa huu ni kwamba mwaka mmoja, wewe ukiwa shuleni, magunia yetu yalioza Makambako. Yalikuwa ghalani yakingoja lori kubwa. Karani akayafungua, akakuta ukungu, akayarudisha yote. Wanawake wakakusanyika bandani wana hasira, kila mmoja anamkata mwenzake jicho. Nami, kiongozi mwenye busara, nikamtaja mkosaji bila matusi, kwa neno moja tu la mzaha. Watu wakacheka, hasira ikaisha, mkosaji mwenyewe akaona aibu akaondoka. Ulimwambia Bibi kwa Kiingereza chako kizuri kwamba mama yako aliokoa kikundi kisivunjike. Bibi akapiga mstari chini ya maneno hayo, mara mbili.

Mkosaji huyo alikuwa Mama Zabroni. Ulimwona kidogo wakati wa likizo, mwanamke mrefu, mtaratibu, Mkinga wa Ipelele. Mume wake alikuwa amekuja huku kupasua mbao. Ipelele yenyewe iko juu kabisa huko Ukinga, mahali ambapo asubuhi mtu hamwoni hata ng'ombe wake. Na mzaha wangu ulikuwa huu. Nilisimama katikati ya banda na ua lililooza mkononi, nikasema, "Mnahangaika nini? Ukungu kwao kunajulikana."

Ulitoka jasho siku unamweleza Bibi. Kwa Kiingereza, ulisema, kinachofunika milima kina jina lake, na kinachoota kwenye mkate uliolala kina jina lake, ni sisi tu tunaoviita vyote ukungu. Alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka naye. Sijui nilikuwa mtu wa namna gani, kuweza kucheka mara ya pili.

Maua mabichi yalikuwa yangu, mwanangu.

Wiki ile shangazi yako alikuwa anamwoza binti yake Mdandu. Niliaga kwamba nakwenda siku moja, nikakaa tatu. Walinikalisha mbele pamoja na mwinjilisti. Walinitambulisha kama Mama wa Pareto wa Yakobi, nikainuka, watu wakapiga vigelegele. Nilijisikia. Kwa mtoto wangu sitaficha, nilijisikia sana, na kila nilipotaka kuondoka nilisema nikae mpaka kesho. Niliporudi nikakuta moto chini ya kichanja changu umezimika, na mvua imenyesha siku mbili. Lori lilikuwa linakuja asubuhi inayofuata. Nikawasha moto, nikapindua, nikapuliza mpaka macho yakaniwasha.

Asubuhi nikapima makapu ya wenzangu. Wawili niliwaambia, "Bado." Mmoja wao alikuwa ametoka kumuuguza mama yake, nami sikuuliza alikuwa wapi, nilimwambia mbele ya watu kwamba anayependa kutembea awe anatembea na maua yake. Watu wakacheka, kama kawaida yao nikisema. Kisha likabaki kapu langu. Nikachota, nikabana. Yakanyamaza. Nikachota kutoka chini, nikabana tena. Kimya.

Mama Zabroni ndiye aliyekuwa amesimama karibu. Akauliza, "Yamesema?"

Nikasema, "Yamesema."

Akaliinua kapu langu, akamwaga.

Sikuwa na shida yoyote, na hilo ndilo linalonichoma. Lori lingine lilikuwa linakuja baada ya majuma mawili, na nyumbani hatukuwa na njaa. Nilichoshindwa ni kusema "Bado" juu ya kapu langu mwenyewe, muda mfupi baada ya kuwasema wenzangu, na siku moja tu baada ya kukalishwa mbele Mdandu. Ilikuwa aibu ya kupita, ingekwisha hata chai haijapoa. Nikaikwepa, nikajitafutia ambayo haijaisha mpaka leo.

Habari za Makambako zilipofika nilijua mara moja. Nilipomwona Mama Zabroni bandani akiangalia chini, nikamwona kama njia ya kutokea. Yeye si wa hapa, nilijiambia. Hana dada wala shemeji wa kumtetea. Mdomo ukatangulia, nami nikauacha uende. Hakubishana. Aliniangalia tu, akajifunga mtoto mgongoni, akatoka. Kuanzia hapo watoto wakalidaka lile neno, wakamwita Mama Ukungu. Akija na kapu, wanawake wanavuta makapu yao pembeni. Hakuna aliyemfukuza, maana sisi ni watu wa kanisa. Baada ya muda mume wake akavunja kambi yake ya mbao, wakarudi Ipelele. Siku wanapita na mizigo nilikuwa uani napepeta maharage. Nikajifanya sijawaona, nikaendelea kupepeta maharage ambayo yalikuwa safi.

Mwaka uliofuata nilisindikiza magunia Makambako, nikamkuta kando ya ghala. Alikuwa amemsindikiza mume wake aliyekuwa anakwenda kutafuta kazi, na sasa alikuwa anangoja lori la kurudi. Upepo ulikuwa mkali mno. Nilitaka kupita kwa nyuma, lakini akawa ameshaniona.

"Kamwene, Mama Damari."

"Kamwene."

Akasogea kwenye gogo alilokalia, nikakaa. Akafungua kitambaa chake, akanipa kiazi cha kuchemsha, nami nikakila, kwa sababu nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Tuliongea habari za watoto. Akaniuliza wewe unasoma nini, nikamwambia. Akafurahi kweli, nilimtazama usoni, hakuwa anaigiza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za watoto, "Kapu lako siku ile nililiinua mimi. Kapu la maua makavu lina wepesi wake. Lako lilikuwa zito."

Kiazi kikabaki mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Pale bandani kila mwenye shaka anakuletea wewe ubane. Ningekuletea wewe kapu lako ulibane?"

Nilimwomba msamaha pale pale, nikalia, kilemba kikanidondoka na upepo ukakichukua mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyekimbia kukifuata. Akanirudishia, akasema, "Mimi nilishakusamehe zamani. Kukaa na hasira ni kazi nyingine, na mimi kazi ninazo. Lakini waliocheka wako Yakobi, Mama Damari. Hapa Makambako hakuna aliyenicheka."

Nilimwahidi kwamba nikifika nitawaambia. Nilipofika nikasema ngoja mavuno yaishe. Mavuno yalipoisha nikasema ngoja Pasaka ipite. Hivyo hivyo, Damari, mpaka miaka.

Nilichofanya ni ile kanuni ambayo Bibi aliipenda, kwamba kapu la mkubwa wa banda lipimwe na mwanamke aliyeingia mwisho, na kwa makapu mengine ibane mikono ya watu wawili, siyo ya mmoja. Niliileta wiki ile ile niliyotoka Makambako. Bibi alipouliza kwa nini, nilimjibu kwamba ni busara tu, na wewe ukaandika "busara". Haikuwa busara. Nilikuwa nauogopa mkono wangu. Kanuni ni nzuri, siikatai, na kama atataka kuisifu aisifu. Ila ajue inatoka wapi, maana wengine watakaoisoma watadhani kiongozi huamka tu siku moja akiwa na akili nzuri.

Halafu likaja swali lake la mwisho, siku ile anafunga daftari. Aliuliza kama katika uongozi wangu nimewahi kufanya jambo ninalolionea aibu. Wewe uliona vibaya kumuuliza mama yako jambo la namna hiyo mbele ya watu, ukaligeuza taratibu, ukiangalia vidole vyako. Ulinipa mlango mpana kabisa, mama yangu. Nikajibu, "Mwambie niliwahi kuunguza ugali." Banda zima likacheka. Bibi naye akaandika. Nikaona shingo yako ikilegea, umefurahi kwamba mama yako hana jambo.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilikuwa nimezoea kuwadanganya wenzangu, na Mungu anisamehe, hata kanisani nilikuwa nimezoea kukaa nalo. Lakini kuona kwamba uongo wangu sasa unapita kinywani mwako, unageuzwa Kiingereza na wewe, unaandikwa kwa mwandiko wako ule ninaojivunia kwa kila mtu, kwamba utasafiri nao mpaka Dar es Salaam na utapandishwa meli, hilo lilinishinda. Mimi nilimwaga maua yangu mabichi kwenye gunia la wenzangu. Sasa nilikuwa nayamwaga kwenye lako.

Kwa hiyo leo asubuhi, lori lako lilipopotea tu kwenye kona, nilikwenda nikagonga chuma cha banda. Wakaja wote, wengine wana unga mikononi, wakidhani ni moto. Nikasimama pale pale niliposimama mwaka ule. Nikawaambia, "Maua yaliyooza Makambako yalikuwa yangu. Nilisema yamesema, na hayakusema."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Walidhani ni mzaha wangu. Mmoja alinipiga begani akasema, "Mama Damari, mwanao hajaondoka umeshaanza kuchanganyikiwa." Nilistahili hilo. Nikangoja wamalize, nikasema tena. Nikawaeleza Mdandu, moto uliozimika, nani aliinua kapu. Nikawarudia neno nililosema juu ya Ukinga, nikawaambia nililisema nikijua. Hapo wakanyamaza, na ni kimya ninachokifahamu, kile cha konzi isiyovunjika.

Yule aliyekuwa akimuuguza mama yake ndiye aliyesema kwanza. Hakupaza sauti. "Mama yangu alikufa mwezi ule," alisema. "Nami niliyarudisha maua yangu kichanjani, nikamzika." Nashukuru kwamba safari hii mdomo wangu haukutafuta mzaha.

Kisha Mama Eva, mkubwa wetu kwa umri, akaja mbele akanyoosha mkono. Sikumwelewa mara moja. Alikuwa anataka ufunguo wa banda. Niliufungua kwenye pindo la kitenge, nikampa. Akasema nitaendelea kukausha kama kawaida na kapu langu litapimwa kama makapu ya wengine, ila kupima nimekoma. Hakusema kwa ubaya. Nilipofika nyumbani nililigusa lile pindo tupu mara nyingi bila kukusudia, hata sasa naandika nimeligusa.

Niliwaomba jambo moja, wasikuambie mpaka basi liondoke. Walinikubalia. Kwa hiyo jioni ukifika utakuta kila mtu ana sura ya kawaida, nami nitakuwa napika, na huenda nikakuletea mzaha. Uniwie radhi kwa hilo. Nataka usiku mmoja zaidi wa kuwa mama uliyemwandika.

Sasa sikia ninachokuomba, na uchukue muda kulitafakari, maana ni kazi yako na si yangu. Bibi atakapofika ukurasa huu, mpe barua hii, umgeuzie yote. Usiilainishe. Nakujua, mahali nilipoandika "nilidanganya" utataka kutafuta neno la Kiingereza lenye mto chini yake. Usitafute. Alisema kwenye kitabu majina ya watu atayaficha, atatuita kwa herufi. La kwangu asilifiche kama kanuni za walimu wake zinamruhusu. Nilipokuwa nasifiwa sikuomba nifichwe.

Utaogopa kwamba habari hii itamharibia kazi yake. Mimi nadhani itamtengenezea. Alitoka kote huko kuja kuuliza mtu anayeongoza wenzake anaharibikia wapi, nasi tukampa vigelegele. Kama jibu analitaka, hili hapa, nililipata kwenye gogo la Makambako na kiazi mkononi. Mimi sikuharibika siku niliyosema uongo. Niliharibika siku nilipokubali kwamba hakuna wa kunipima, na nikaona raha. Uongo ulikuja baadaye, ukakuta nyumba iko wazi.

Nawe unakwenda kuwa mkono wa mtu, Damari. Bibi hajui Kibena, na Kiswahili chake unakijua, ni cha kuomba maji. Kila tulichosema watu wa huku kitapita kwako, na utakapomwambia "yamesema", hana pa kuyapeleka kuyabana. Atakuamini, kama walivyoniamini. Sikutishi. Mimi nilipokuwa na umri wako hakuna aliyeniambia kwamba kuaminiwa kunaweza kumlevya mtu ambaye hajawahi hata kuonja pombe ya ulanzi, basi mimi nakuambia. Ukipata mtu huko wa kukuangalilia kazi yako, hata akiwa mgeni, hata akiwa karani mdogo, mpende. Siku utakapokosea, na utakosea, umwambie kabla chai haijapoa.

Basi litasimama Makambako muda mrefu. Huenda hapo ndipo utakapoifikia karatasi hii ya mwisho. Ghala ni lile la mabati mekundu, na gogo liko upande ambao upepo haufiki sana. Sina uhakika utanionaje ukishamaliza. Nimejaribu kukisia tangu mchana uanze na nimeshindwa. Nakupenda kuliko nilivyopenda kukaa mbele Mdandu, na kuliko ule ufunguo. Lakini nimechelewa kufanya kama mtu anayependa hivyo, na hilo nalijua.

Jumatatu kuna lori la mbao linalopanda Ukinga. Mwenye nalo amekubali kunichukua, na Mama Eva amesema atafuatana nami, yeye na yule aliyefiwa na mama yake, maana nao walicheka. Tutalala njiani tukilazimika. Leo, tulipokuwa tukipanga, msichana aliyeingia mwisho bandani aliuliza huyo tunayemwendea jina lake hasa ni nani, maana tangu afike hapa amesikia Mama Ukungu tu. Wakatazamana. Watu wazima wote wale, Damari, hakuna aliyelikumbuka, na mwanawe Zabroni walimsahau pia. Mimi nililikumbuka.

Jina lake ni Loisi. Uliandika Mama Ukungu mahali tisa kwenye daftari hili. Futa kote, uandike Loisi, kwa wino, kwa mwandiko wako ule mzuri.

Ukimaliza, unitumie mstari mmoja. Habari za mji zitakuja baadaye. Hii barua nimekwisha kuimwaga kwako, na mkono sasa ni wa kwako. Niambie tu kama yamesema.

Mimi mama yako, ambaye tangu leo asubuhi anakausha maua kama wenzake,

Eliseba